Nabhani, Nabahani au Nabhany? Nilivuka mpaka kulifuata jina la marehemu baba

MSOMAJI, kama jina la ukoo wenu ni Mushi, Massawe au Mwakyusa, wewe tulia, kula maisha. Karani yeyote nchi hii akilisikia mara moja analiandika, tena bila kuinua macho. Sisi wengine tuna majina ambayo ukiyataja dirishani karani anaweka kalamu chini, anakutazama usoni, halafu anakuuliza, "Unasemaje?"

Jina letu sisi ni Nabhani. Au Nabahani. Au Nabhany. Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

Shule ya msingi, Magomeni, tulikuwa wawili tu wenye jina hilo, mimi na dada yangu. Wenzetu walisema eti jina lenyewe kama dawa ya kikohozi. Mwalimu wetu wa darasa la tatu akachoka nalo, siku moja akalimalizia kwa "y" na kuendelea na mahudhurio yake. Tangu siku hiyo vyeti vyangu vyote vina "y". Mzee alipoona alicheka tu. "Mwache, mwalimu hasahihishwi," alisema.

Laiti angejua! Mzee alifariki dunia mwaka juzi, Mungu amrehemu, akatuachia nyumba moja ya vyumba sita. Dada yangu anakaa humo na wanawe watatu. Vyumba viwili kavipangisha, na kodi yake ndiyo ada na ndiyo unga. Basi tukaenda kuhamisha hati ili mambo yakae sawa. Ofisi siitaji, ila karani alipanga karatasi tatu mezani kama mtu anayecheza karata. Hati ya nyumba: Nabhani. Cheti cha kifo: Nabahani. Kitambulisho changu: Nabhany.

"Hawa ni watu watatu," akasema. "Mwenye nyumba ni mmoja, aliyekufa ni mwingine, na wewe ni mtoto wa mtu wa tatu."

Dada yangu alianza kulia pale pale kwenye benchi.

Wakili akatuambia dawa ipo, na wala si ghali. Atafutwe mtu mzima wa ukoo, aape mbele ya hakimu kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Mtu mzima wa ukoo aliyebaki Dar es Salaam ni mmoja tu, shangazi yetu, naye ameshapita miaka themanini. Nikamfuata Temeke mbio nikijua kazi imekwisha.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akasema, "Mimi nitaapa, baba. Lakini nitaweka mkono juu ya Msahafu, na siapii kitu nisichokijua. Hilo jina mimi mwenyewe nimelikuta. Babu yako alikuja hapa na jahazi la boriti kutoka Lamu, na kila alipoulizwa habari za kwao Pate alikuwa ananyamaza. Nenda kaulize tunaitwaje. Ukirudi nitaapa."

Nikamwambia, shangazi, Pate iko Kenya, tena kisiwani. Akanijibu, "Babu yako alikuja na tanga. Wewe una basi."

MOMBASA KWA WENYE MANENO YAO

Nilikwenda Tanga, nikavuka mpaka pale Horohoro, nikatokea Lungalunga, na jioni nikapanda feri ya Likoni nikiwa nimebanwa kati ya mkokoteni wa vitunguu na mwanafunzi mwenye begi kubwa kuliko yeye. Mombasa nilikuwa na mwenyeji Mji wa Kale. Nilipomtajia shida yangu alishangaa.

"Nabhany? Hapa hilo si jina la kuulizwa linaandikwaje. Umesahau Sheikh Nabhany?"

Kweli, nilikuwa nimesahau. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na bingwa wa lugha, alizaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Mombasa. Ndiye aliyeandika Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaoeleza jinsi chombo cha baharini kinavyoundwa, na Umbuji wa Mnazi, ambao unausifu mnazi tangu mzizi hadi kilele. Tena ndiye anayetajwa kuwa baba wa maneno kama runinga na tarakilishi. Sisi Bongo bado tunasema televisheni na kompyuta, lakini ukifungua redio ya Kenya utayasikia yote mawili, na watu wala hawakumbuki kwamba kuna mtu aliyekaa chini akayatunga.

Kumbe ile "y" ya mwalimu wangu wa darasa la tatu ina wenyewe! Nilijisikia bab kubwa. Usiku ule nilitembea mitaa ya Mji wa Kale kifua mbele, nikajinunulia mishikaki miwili zaidi, nikijiambia, kijana, wewe ni wa ukoo wa washairi.

Mwenyeji wangu akanipoza. "Jina kama la Sheikh si lazima iwe damu ya Sheikh," alisema. Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwa watu wa pwani, jina la ukoo si kitu cha kila siku. Mtu ni fulani bin fulani bin fulani, basi. Jina la ukoo hutolewa sandukuni siku ya posa, siku ya ugomvi wa shamba, au siku ya kuandika kaburi. Ofisi za serikali zilipokuja na fomu zenye nafasi tatu, wengi walijaza jina lao, la baba na la babu. Nafasi zikaisha, ukoo ukabaki nje.

Ukitaka kujua kwa nini jina fulani ni adimu, usifikiri wenyewe wamekufa. Wapo tele, wamejificha ndani ya Omari, Bakari na Mohamed. Babu yangu aliandika lake kwa sababu aliandikishwa bandarini, na karani wa bandari akamuuliza, "Omari yupi?" Maana Omari siku hiyo walikuwa saba.

WITU, MJI ULIOUZWA KWA KISIWA

Kutoka Mombasa hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 300. Basi letu liliondoka alfajiri, likapita Malindi, likapita Garsen, kisha likaanza kusimama kwenye vizuizi vya polisi, kimoja baada ya kingine. Kila kizuizi tunashuka, tunaonyesha vitambulisho, tunapanda. Pasi yangu ya Tanzania ilisomwa mara nyingi kuliko gazeti hili.

Mahali pamoja askari kijana alilitazama jina, akanitazama mimi, ambaye sura yangu ni ya Kimagomeni hasa. "Wewe Mwarabu?" akaniuliza. Nikasema, "Afande, ndilo hilo hilo ninalokwenda kuuliza." Abiria wakaangua kicheko. Akanirudishia pasi.

Tulipofika Witu dereva alisimama watu wanunue maembe. Ukipita haraka hutaona kitu. Nyumba za bati, miembe mikubwa, bodaboda zimepangwa kivulini. Lakini hapa ndipo utawala wa Nabhani ulipopumua pumzi ya mwisho.

Kisa chenyewe ni hiki. Masultani wa Nabhani walitawala Pate kwa muda mrefu. Ilipofika miaka ya 1860, nguvu za sultani wa Unguja zikawaelemea. Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, akavukia bara na kujikita Witu, ndani ya msitu. Huko akawapokea waliokimbia madeni, waliokimbia vita, na zaidi ya wote watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Watu waliwaita watoro. Mji ukakua kwa watoro hao.

Mwaka 1885 Simba akaingia mkataba na Wajerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt, akiamini atapata ngao dhidi ya Unguja. Ngao yenyewe ilidumu miaka mitano. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakakaa mezani huko Ulaya. Mjerumani akachukua kisiwa cha Heligoland kwenye Bahari ya Kaskazini, na miongoni mwa alivyoviachia ni Witu. Simba mwenyewe alikuwa ameshafariki, anatawala Fumo Bakari, na hakuna aliyemuuliza. Septemba mwaka huo huo Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel alikuja na wenzake kukata mbao, ukazuka ugomvi, wakauawa. Oktoba jeshi la majini la Uingereza likaja likauteketeza mji.

Inasemekana katika moto huo iliungua pia nakala ya kitabu cha historia ya Pate, Habari za Pate. Baadaye wageni walipotaka kuiandika, ilibidi wamsikilize mzee wa Pate aliyeitwa Bwana Kitini, mwenyewe Mnabhani, akiisimulia kwa kichwa. Matoleo tunayosoma leo mengi yalitoka kinywani mwake.

Nilikula embe langu kimya. Nilikuwa nawaza karatasi tatu za baba. Sisi tunahangaika na karatasi ambazo hazikubaliani, wenzetu zao ziliungua zote.

LAMU, NA WALIOKUJA TANGU OMANI

Basi linaishia Mokowe. Hapo unaingia boti, na dakika chache baadaye mji wa Lamu unajitokeza, mweupe, umejipanga mbele ya maji kama watu waliokuja kukupokea. Barabara za ndani ni nyembamba kiasi kwamba punda akija na mzigo wa mchanga wewe unajibandika ukutani. UNESCO iliuweka mji huu mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Pale kwenye baraza karibu na ngome, nikinywa kahawa chungu kwa kashata, nilijifunza historia ya Nabhani upande wa pili. Watu wa Lamu nao wana lao la kusema. Karibu mwaka 1812 jeshi la Pate, likisaidiana na Wamazrui wa Mombasa, lilitua Shela kuja kuipiga Lamu. Lilichapwa vibaya sana. Vyombo vyao vilikuwa vimekwama mchangani, maji yametoka, hakuna pa kukimbilia. Baada ya hapo Lamu ikamwita Seyyid Said wa Omani iwe chini yake, ngome ikamalizwa kujengwa, na nyota ya Pate ikaanza kuzama. Wazee wa baraza walinisimulia vita hiyo kwa raha, kana kwamba ilipiganwa Ijumaa iliyopita.

"Wewe Mnabhani?" mmoja aliniuliza. "Basi kahawa yako lipa mwenyewe!"

Walicheka, nami nikacheka. Na kahawa akanilipia.

Nikawauliza jina limetoka wapi. Hilo halikuwa na ubishi. Limetoka Omani. Wafalme wa Nabhani walitawala sehemu kubwa ya Omani ya ndani tangu karne ya 12 hadi mwaka 1624 walipochukua Wayaarubi. Makao yao makuu yalikuwa Bahla, penye ngome kubwa ya udongo, nayo iko katika orodha ya UNESCO tangu 1987. Kule Omani hadi leo jina hili si adimu hata kidogo, utalikuta madukani, maofisini na kwenye vibao vya barabarani. Adimu ni kwetu huku.

Na si kila Nabhani duniani ni wa Omani. Kulikuwa na mwanachuoni mashuhuri, Yusuf al-Nabhani, aliyezaliwa mwaka 1849 kijiji cha Ijzim, karibu na Haifa, Palestina. Kabila lake lina Nabhani mwingine kabisa, mzee wa jangwani huko huko kaskazini mwa Uarabuni. Jina moja, visima viwili.

Ubishi ulikuwa kwenye mwaka. Habari za Pate inasema mtu wa kwanza, Suleiman bin Suleiman, alifika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Alikuwa mfalme aliyepoteza ufalme. Akamposa binti wa mtawala wa Pate, wa kabila la Wabatawi, na baba mkwe akampa utawala. Mwaka 1969 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, akaandika kwamba tarehe hizo za mwanzo haziaminiki, zimevutwa nyuma mno, na Nabhani walishika Pate karne nyingi baadaye.

Mimi si mtaalamu, lakini nilipiga hesabu zangu kwenye karatasi ya kashata. Kama Nabhani walikuwa bado wanatawala kwao mpaka 1624, huyu wa 1203 alikimbia nini? Mzee aliyenilipia kahawa akasema, "Mwanangu, kila ukoo ukiulizwa umri huongeza. Ni binti tu anayepunguza."

Tukacheka tena. Ila kitu kimoja kilinikaa. Katika kisa hicho jina lilikuja na mwanamume, lakini ufalme ulitoka kwa mwanamke. Bila yule binti wa Kibatawi, Suleiman angebaki mgeni mwenye jina zuri. Na hata baadaye Pate ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, katika karne ya 18. Nikamkumbuka dada yangu, anayeishi katika nyumba yenye jina ambalo wanawe hawana.

PATE, NA KARATASI TATU

Boti ya Pate inangoja maji yajae, maana njia ya Mkanda, kati ya bara na kisiwa cha Manda, maji yakitoka haipitiki. Tuliondoka Lamu na magunia ya sukari, godoro, mbuzi wawili na bibi arusi mmoja mwenye baibui lililojaa chumvi. Tulishuka Mtangawanda. Kutoka hapo hadi mji wa Pate ni mwendo wa karibu saa nzima kwa mguu, minazi huku na huku.

Pate ya leo ni mji mdogo wa nyumba za mawe zilizobanana. Nyuma yake ndiko iliko Pate ya zamani. Kuta za matumbawe zimesimama bila paa, mihirabu imeng'olewa maua yake, na katikati ya vyumba vya masultani watu wamelima tumbaku. Ndiyo, tumbaku! Majani mapana ya kijani yanaota palipokuwa na mazulia. Mji huu ulikuwa na wafumaji hariri, wafua fedha na washairi wakati sehemu nyingi za dunia zilikuwa hazijui kusoma. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi maarufu mwaka 1858, alikuwa mtu wa Pate.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye wote walisema ndiye mwenye habari. Nilimkuta barazani anashona kofia.

"Ndoo, keti," akasema kwa Kipate chake. "Ina lako?"

Nikamtajia, nikamtolea nakala za zile karatasi tatu. Akavaa miwani, akasoma moja moja, akatabasamu. Akazigeuza upande wa nyuma, akaniomba kalamu, na nyuma ya kila moja akaandika jina letu kwa herufi za Kiarabu. Nun, be, he, alifu, nun, ye.

"Madrasa ulikwenda?"

"Nilikwenda, mzee."

"Basi soma."

Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Nikasoma ya tatu. Yote yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi. Msomaji, nilisisimka mwili mzima.

Akanieleza polepole. Kwa Kiarabu kati ya be na he hakuna irabu, kwa hiyo ni Nabhani. Lakini ulimi wa Kiswahili haupendi konsonanti mbili zibanane namna hiyo, huweka irabu katikati ili upite. Mwarabu anasema bahr, sisi bahari. Anasema mahr, sisi mahari. Anasema waqt, sisi wakati. Kwa hiyo Nabahani si kosa la karani, ni Kiswahili. Na "y" ya mwisho ni namna tu ya kuiandika ile ye kwa herufi za Kizungu, kila mtu na mkono wake.

"Karani wenu hakukosa kuandika," alisema. "Alikosa kusikia."

Nikafikiri safari imekwisha. Nikaomba anitajie na babu yetu, alikuwa wa nyumba ipi. Nikamtajia jina la babu, na kwamba aliondoka na jahazi la boriti. Mzee akaacha kushona.

"Hapa," akasema baada ya muda, "kulikuwa na Nabhani wa nyumba, na kulikuwa na Nabhani wa shamba."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikataka nisielewe. Akaendelea bila kuniangalia. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa mashambani mwa watu wakubwa walibaki na jina la nyumba walikotumikia. Mtu akiulizwa "wewe wa nani?" alijibu wa Nabhani, wa Mazrui, wa fulani. Mtoto wake akalichukua, na mjukuu. Wengine waliondoka kwenda mbali, mahali ambapo swali hilo likiulizwa halina mkuki ndani yake.

"Na babu yangu alikuwa yupi?" nikauliza. Sauti ilitoka kama si yangu.

"Sijui."

"Mzee, niambie tu."

"Nimekwambia sijui. Namjua babu yako kwa sifa, marehemu baba akimtaja, kwamba alikuwa hodari wa kupanda mlingoti. Baba yake simjui. Ukitaka nikutungie nasaba mpaka Bahla, nitakutungia sasa hivi, na utaondoka umefurahi. Watu wengi wametungiwa. Lakini wewe umesema shangazi yako anataka kuapa."

Tulinyamaza. Mtoto akaleta mkate wa mofa na samaki. Tukala. Alipomaliza akaosha mkono, akasema, "Kule Witu, wa nyumba na wa shamba waliungua moto mmoja."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetoka Dar kutafuta herufi moja, nikaletewa jambo ambalo babu alilinyamazia miaka yote. Nilikumbuka nilivyotembea kifua mbele Mombasa. Nilikumbuka yule askari: wewe Mwarabu? Halafu nikajiuliza swali la kijinga lakini la kweli. Kama babu alikuwa wa shamba, ile nyumba ya Magomeni aliyoijenga baba yangu tofali kwa tofali ina upungufu gani?

KIAPO

Nilirudi na mawazo mawili. La kwanza, nimwambie shangazi habari za herufi tu, niishie hapo. Mwanamke wa miaka themanini, ya nini kumtonesha? La pili, nimwambie yote.

Nilimwambia yote.

Alikaa kimya muda mrefu, kimya kile kile, nadhani, alichokirithi kwa baba yake. Halafu akasema, "Kumbe." Baadaye akasema tena, "Kumbe ndiyo maana hakutaka mtu amwite bwana." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaniuliza hakimu anakaa lini.

Siku ya kiapo hakimu alimuuliza kama anaujua ukoo wa marehemu. Wakili wetu alikunja uso, akiogopa bibi ataanza hadithi ndefu. Shangazi akajibu kwamba yeye hakuja kuapia ukoo. Amekuja kuapia kaka yake. Alizaliwa naye, alimbeba mgongoni, alimlilia alipokufa, na mtu huyo akiitwa Nabhani anaitika, akiitwa Nabahani anaitika, na mtoto wake huyu mwenye "y" ni wake. Akatoa na zile karatasi zenye maandishi ya mzee wa Pate nyuma. Hakimu, ambaye kumbe naye madrasa alikwenda, alizisoma zote tatu, akagonga muhuri.

Hati ya nyumba sasa iko sawa, ina jina langu na la dada yangu. Yule karani aliponipa alikosea tena, akaandika Nabihani. Nikamrudishia kwa upole, nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika huku akinisikiliza.

Mwezi uliopita mke wangu amejifungua mtoto wa kike. Fomu ya kizazi ina nafasi tatu. Ya kwanza jina lake, ya pili jina langu, na ya tatu nilikaa nayo kalamuni dakika nzima. Nikaandika Nabhani, kama lilivyo kwenye hati ya nyumba. Sikuliandika kwa ajili ya masultani. Niliandika kwa ajili ya kijana mmoja hodari wa kupanda mlingoti, aliyeulizwa bandarini "Omari yupi?" na ikambidi ajibu kitu.

Wewe msomaji, kama babu yako au shangazi yako bado yupo, Jumapili hii mnunulie sukari umtembelee. Muulize jina lenu limetoka wapi. Akinyamaza, usiondoke haraka.